Dawa Inayotoka Chooni

 Kama familia iko mezani, nawaomba mmalize kula kwanza ndipo mpandishe sauti ya redio. Mada ya leo ni kinyesi cha binadamu, tena kinyesi kama dawa.

Tarehe 26 Aprili 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha vidonge vinavyoitwa Vowst. Mgonjwa humeza vinne kwa siku, siku tatu mfululizo, dozi imekwisha. Ndani yake mna bakteria waliotolewa kwenye choo cha watu wenye afya, wakasafishwa na kufungwa vizuri. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2022, mamlaka hiyo hiyo ilikuwa imepitisha dawa nyingine ya jamii hiyo, Rebyota, ambayo huingizwa kwa njia ya haja kubwa. Mwezi huo huo Australia ikaidhinisha ya kwake, inayotengenezwa katika mji wa Adelaide. Na huko Uingereza, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya taifa kuhusu tiba zipi zitumike, NICE, ilikuwa imekwishapendekeza tiba hii tangu Agosti. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, sizungumzii uganga wa vichochoroni. Nazungumzia dawa zilizosajiliwa, zinazoandikwa na daktari.

Najua wengine mmeshakunja uso. Kunjeni tu, lakini msizime redio. Ugonjwa unaotibiwa kwa dawa hii mara nyingi huletwa na dawa nyingine, na kinachouponya ni kumrudishia mgonjwa kile alichoondolewa. Hapo pana somo kwetu sisi wa Afrika Mashariki, hata kama vidonge vyenyewe hatutaviona kwenye maduka yetu kwa miaka mingi.

Tuanze na ugonjwa. Husababishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye wahudumu wa hospitali za Ulaya na Marekani humfupisha wakamwita C. diff. Kisa cha kawaida huwa hivi: mtu mzima, mara nyingi aliyevuka miaka 65, amelazwa kwa nimonia au amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Anapewa antibiotiki. Kifua kinapona, kidonda kinakauka, ndugu wanaanza kumwandalia nguo za kurudi nyumbani. Ghafla tumbo linaanza kukata, homa inapanda, na mgonjwa anaharisha mara kumi, mara kumi na tano kwa siku. Bakteria huyu hutoa sumu mbili ambazo wataalamu huziita A na B. Sumu hizo huchubua ukuta wa utumbo mpana, na kwa aliyezidiwa utumbo huvimba, pengine hata kutoboka. Makadirio ya mwaka 2011 nchini Marekani yalionyesha wagonjwa karibu nusu milioni kwa mwaka huo mmoja, na takriban watu 29,000 walifariki ndani ya siku 30 tangu ugonjwa ugundulike.

Hutibiwaje? Kwa antibiotiki nyingine. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na madaktari walifuata njia hiyo hiyo: ugonjwa ulioletwa na antibiotiki moja ukapigwa kwa antibiotiki nyingine, vankomisini kwa mfano. Kwa wagonjwa wengi, mara ya kwanza inafaa. Lakini kwa mtu mmoja kati ya watano hivi, dozi ikiisha tu, wiki chache baadaye ugonjwa unarudi. Anapewa dozi tena, anapata nafuu, anaacha, unarudi. Aliyekwisha kurudiwa mara mbili au zaidi, uwezekano wa kurudiwa tena unaweza kupita asilimia 40. Kuna watu wameishi miezi na miezi katika mzunguko huo, wamekonda, hawathubutu kupanda basi wala kwenda ibadani kwa sababu hawana uhakika wa kufika chooni kwa wakati.

Kwa nini unarudi? Bakteria huyu akibanwa hujifunga ndani ya ganda gumu, na katika hali hiyo huitwa spora. Spora haijali antibiotiki, wala haijali asidi ya tumbo. Hata kile kitakasa mikono chenye spiriti, ambacho tulikizoea wakati wa korona, hakiidhuru. Ndiyo maana wodi zenye ugonjwa huu hulazimisha wahudumu kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na sakafu husafishwa kwa dawa ya klorini. Spora hukaa, hungoja, na dozi ikimalizika hufunguka.

Lakini spora hizo huweza kupita hata kwenye tumbo la mtu mzima wa afya, zikatoka bila kumdhuru. Tofauti iko kwa wenyeji wa utumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mwanamume wa kawaida amebeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe, na wote kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 tu. Wengi wao wako kwenye utumbo mpana. Utumbo huo ni daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni: hakuna kiti, hakuna pa kushika, hata mlangoni watu wananing'inia. Mhalifu akitaka kupanda, hapati pa kukanyaga. Antibiotiki kali huteremsha abiria wote kituo kimoja, wema kwa wabaya, na anayewahi viti ni yule aliyekuwa amejibanza chini ya benchi.

Tena si suala la nafasi tu. Ini letu hutoa nyongo ya kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Chumvi za nyongo zikifika utumbo mpana, baadhi ya bakteria wenyeji huzibadilisha umbo. Zile ambazo hazijabadilishwa huiamsha spora. Zilizobadilishwa humzuia C. diff mwenyewe asikue. Watafiti wa New York walionyesha kwa panya kwamba bakteria mmoja wa kawaida wa utumbo, Clostridium scindens, hufanya kazi hiyo na kusaidia kumkinga panya. Mfute huyo kwa antibiotiki, na umeondoa kizuizi huku ukiacha kichocheo. Kwa hali hiyo, kila dozi mpya ya antibiotiki humpunguza adui, lakini huendelea kuwazuia wenyeji wasirudi. Hapa moto haukuzimwa kwa moto.

Sasa tuangalie wazo la kumpandikizia mgonjwa bakteria wa mtu mwenye afya lilitoka wapi, maana si la jana. Katika karne ya 4, huko China, aliishi tabibu aitwaye Ge Hong. Katika kitabu chake cha tiba za dharura aliagiza kwamba mtu aliyekula sumu ya chakula au anayeharisha kupita kiasi anyweshwe kinyesi cha mtu mwenye afya kilichokorogwa. Ukicheka, ujue pia kwamba kitabu hicho hicho ndicho alichokifungua mtafiti Tu Youyou miaka ya 1970 alipokuwa akitafuta dawa ya malaria. Humo alikuta maelezo ya kuloweka majani ya pakanga kwenye maji na kuyakamua, yakampa fununu ya namna ya kupata artemisinini bila kuichemsha ikaharibika. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto ya malaria anayopewa mtoto wa Kigoma, wa Kisumu au wa Bujumbura ina asili katika kurasa hizo. Sisemi kila kilichoandikwa zamani ni kweli. Nasema hayo mawili yalikuja kupimwa, na yakathibitika.

Wafugaji wa Ulaya nao walikuwa na lao. Kati ya karne ya 16 na ya 17, daktari wa Kiitalia Fabricius aliandika jinsi mnyama aliyeacha kucheua anavyopona kwa kupewa cheu ya mnyama mzima. Madaktari wa mifugo hufanya hivyo hadi leo: huchota majimaji ya tumbo la ng'ombe mzima wakampa mgonjwa, na siku si nyingi anaanza kula majani.

Kwa binadamu, katika hospitali ya kisasa, mwaka wa kukumbuka ni 1958. Huko Denver, Marekani, daktari wa upasuaji Ben Eiseman na wenzake walikuwa na wagonjwa wanne ambao utumbo wao ulikuwa umeharibika vibaya baada ya kutumia antibiotiki. Wakati huo hata bakteria mhusika alikuwa hajatambuliwa. Hilo lilikuja kufahamika mwaka 1978. Eiseman aliwaza kwamba kama dawa zimewafuta bakteria wema, basi warudishwe. Wagonjwa wakapigwa enema ya kinyesi cha watu wazima wa afya, na wote wanne wakapona. Wakaandika ripoti fupi kwenye jarida la upasuaji, wakasema jambo hili lifanyiwe utafiti mpana.

Utafiti huo mpana ulichapishwa mwaka 2013. Hesabu mwenyewe: miaka 55. Katikati hapo daktari mmoja mmoja aliendelea kuifanya tiba hii kimyakimya, kwa wagonjwa waliokata tamaa. Huko Minnesota, mwaka 2008, daktari Alexander Khoruts alimtibu mwanamke aliyekuwa amedhoofika kwa miezi mingi, akampandikizia bakteria kutoka kwa mumewe. Kuharisha kukakoma. Alipopima, akakuta bakteria wa mume wamehamia na kutawala utumbo wa mke. Ushahidi ulikuwa unajikusanya tone kwa tone. Kilichochelewesha, kwa maoni yangu, ni mambo mawili. La kwanza ni kinyaa, ambacho madaktari nao wanacho kama sisi. La pili ni biashara: vankomisini ina kampuni inayoiuza na kuitangaza, lakini nani angeweka fedha zake kwenye kitu ambacho kila mtu hukitoa bure kila asubuhi?

Tuingie sasa Amsterdam, tuone kilichofanyika katika utafiti huo wa 2013, maana hapa ndipo ubishi ulipokatwa. Wagonjwa wote walikuwa tayari wamerudiwa na ugonjwa baada ya kutibiwa. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa vankomisini peke yake. La pili lilipewa vankomisini pamoja na kuoshwa utumbo. La tatu lilipewa vankomisini kwa siku chache, likaoshwa utumbo kwa lita nne za maji yenye dawa, kisha likapandikizwa. Asubuhi ya siku hiyo mchangiaji alileta choo chake, kwa wastani gramu 140 hivi. Kikakorogwa na nusu lita ya maji ya chumvi, kikachujwa, maji yake yakatiwa kwenye chupa safi, na kabla ya saa sita kupita yakawa yamemfikia mgonjwa. Mrija mwembamba ulipitishwa puani mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba. Nesi alisukuma bomba la sindano la mililita 50, taratibu, dakika mbili au tatu kwa kila bomba, akapumzika katikati, akaendelea. Mgonjwa hakuona ladha wala hakusikia harufu, kwa sababu mrija ulipita moja kwa moja hadi ndani. Wengi waliharisha siku hiyo hiyo, wachache walisokotwa na tumbo, na kati ya kumi na sita, watatu walibeua. Baada ya saa chache yote yakatulia.

Matokeo? Waliopandikizwa walikuwa 16. Baada ya mara moja tu, 13 walipona. Watatu waliobaki wakarudia kwa choo cha mchangiaji mwingine, na wawili kati yao wakapona. Kwa waliopewa vankomisini peke yake, walipona 4 kati ya 13. Kwa waliooshwa utumbo, 3 kati ya 13. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia, kwani haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine tiba iliyokuwa ikiwaponya wenzao. Miaka minne baadaye madaktari wa Alberta, Kanada, wakaonyesha kwamba hata mrija si lazima: waliomeza vidonge walipona sawasawa na waliopandikizwa kwa kolonoskopi, yaani kwa mrija wa njia ya haja kubwa, zaidi ya asilimia 90 kwa pande zote mbili.

Hapo, msikilizaji, ndipo hatari nyingine ilipozaliwa. Habari zilipoenea, baadhi ya wagonjwa waliona hospitali zinachelewa, wakaamua kufanya wenyewe nyumbani, kwa blenda ya jikoni na choo cha ndugu. Mfa maji haachi kutapatapa, na siwacheki. Lakini sikilizeni kwa nini jambo hili halifanywi nyumbani.

Mwaka 2012, katika jimbo la Massachusetts, vijana waliotoka Chuo Kikuu cha MIT walianzisha benki ya choo isiyo ya kibiashara, OpenBiome, kama zilivyo benki za damu. Mchangiaji alilipwa dola 40 kwa kila mchango. Ungedhani watu wangekubaliwa kwa wingi. Hapana. Katika kila watu 100 walioomba, hawakufika hata watatu waliokubalika. Mchangiaji huulizwa kuhusu safari zake, maradhi ya ukoo na dawa alizotumia karibuni, kisha hupimwa damu na choo: Ukimwi, homa ya ini, kaswende, minyoo, amiba, giardia, na bakteria sugu. Choo chake huchanganywa na gliserini na kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kikasubiri hadi majibu yote yawe safi.

Na hata kwa ukali huo, mwaka 2019 FDA ilitoa tahadhari ya kusikitisha. Wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu, waliokuwa kwenye majaribio ya tiba hii huko Boston, walipata maambukizi ya E. coli sugu kwenye damu. Mmoja alifariki. Wote wawili walikuwa wamemeza vidonge vilivyotokana na mchangiaji mmoja. Mchangiaji mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Alibeba bakteria huyo bila kujua, na sampuli zake zilikuwa hazijapimwa kwa bakteria wa aina hiyo. Tangu hapo kipimo hicho kikawa cha lazima. Sasa wewe mwenye blenda nyumbani, na choo cha shemeji unayemwona ana afya njema, utajuaje alichobeba?

Kuna pia wanaotangaza kwamba tiba hii hupunguza unene, huponya kisukari, huponya usonji. Utafiti kuhusu maradhi mengi unaendelea, na baadhi unatia moyo. Kwa mfano, mwaka 2021 watafiti wa Marekani na wa Israel walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ngozi ambao dawa za kuamsha kinga ziliwashinda, walianza kuitikia baada ya kupandikizwa bakteria wa wale ambao dawa hizo ziliwasaidia. Lakini ugonjwa ambao mamlaka zimeuidhinishia dawa hizi ni mmoja: C. diff inayorudi rudi. Ukisikia mtu anakuuzia kwa kitu kingine, shika pochi yako.

Wapo pia watakaouliza: si ninywe mtindi tu? Mtindi ni chakula kizuri, kunywa. Lakini bakteria wake ni wa aina chache, na wengi hupita tu. Utumbo ulioharibiwa umepoteza bakteria wa aina nyingi, na wengi wao hawaishi penye hewa; hawafugiki kwenye kibuyu cha maziwa.

Na wasikilizaji wa pwani najua mna swali la dini: najisi inawezaje kuwa tiba? Kanuni ya fiqhi mnaijua, kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, kwa kiasi cha dharura yenyewe. Kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimemshinda, swali hilo lipelekwe kwa sheikh pamoja na maelezo ya daktari, wakae nalo wote wawili. Jambo la kuwaeleza ni kwamba vidonge hivi vya sasa si kinyesi kilichofungwa. Katika Vowst, kinachobaki baada ya kusafishwa ni spora za bakteria wema.

Tuje nyumbani. Je, C. diff iko kwetu? Iko. Watafiti wa Mwanza walichapisha mwaka 2015 kwamba wamemkuta bakteria huyu kwa watoto na watu wazima wanaoharisha. Shida ni kwamba huku kwetu kuharisha kuna majina yake tayari. Tunasema amiba, tunasema taifodi, tunasema amekula kitu kibaya. Mgonjwa anapewa metronidazoli na mambo yanaendelea. Kipimo cha C. diff hakipatikani kila hospitali, na usichokipima hukioni.

Lakini kinachofungulia mlango ugonjwa huu tunakiona kila siku. Simama jioni kwenye duka la dawa la mtaani kwako.

"Dada, nisaidie rangi mbili za elfu moja."

"Unaumwa nini, kaka?"

"Mafua tu, na mwili umechoka."

Dada anahesabu vidonge sita vya antibiotiki, anavitia kwenye kikaratasi, biashara imekwisha. Mafua ni ya virusi, na vidonge vile havina habari na virusi. Vilichokifanya ni kushuka tumboni na kuwapunguza wenyeji ambao hawakuwa na kosa. Na kwa kuwa si dozi kamili, vimewaacha hai wale waliokwisha kujifunza kuvihimili. Kesho mtoto akiharisha, mama ananunua sipro, nayo antibiotiki. Keshokutwa ananunuliwa ile aliyopona nayo jirani. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba watoto wengi wenye kuharisha maji maji wanahitaji maji ya chumvi na sukari ya ORS pamoja na vidonge vya zinki, na antibiotiki zibaki kwa hali maalumu kama choo chenye damu au kipindupindu kikali.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati sisi tunaimwaga hazina hii ya bakteria wema, wengine wanakuja kuitafuta kwetu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa mizizi, asali, matunda ya porini na nyama ya kuwinda, wamechunguzwa na watafiti wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2014 walilinganishwa na Waitalia wa mji wa Bologna, wakaonekana wana bakteria wa aina nyingi zaidi. Utafiti wa mwaka 2023 uliweka hesabu: Mhadzabe mtu mzima ana aina zipatazo 730 kwenye utumbo wake, Mmarekani wa California 277. Hiyo ni mali. Na ikiwa siku moja dawa itatengenezwa kutokana na bakteria hao, ni haki kuuliza leo, kabla ya kesho, Wahadzabe watapata nini. Kwa sababu bei za dawa hizi tumeshaziona: dozi moja ya siku tatu ya Vowst ilipotoka ilitangazwa kwa dola 17,500. Katika utafiti uliotumika kuipitisha, waliorudiwa na ugonjwa ndani ya wiki nane walikuwa asilimia 12, dhidi ya 40 kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Swali ni nani anaweza kuinunua.

Narudi kwenye lile nililolisema mwanzo. Dunia imetumia zaidi ya nusu karne na fedha nyingi kugundua kwamba wakati mwingine tiba ni kuwarejesha wenyeji waliofukuzwa. Sisi tunaweza kuanzia upande wa pili, kwa kutowafukuza bila sababu. Ukiandikiwa antibiotiki, muulize daktari: ugonjwa wangu ni wa bakteria kweli, na umepimwa? Ukiambiwa ndiyo, imeze, umalize dozi kama ulivyoelekezwa, usimgawie jirani. Na kama ndani ya wiki chache baada ya dozi unaharisha mfululizo, usirudi dukani kununua nyingine. Nenda hospitali na umweleze daktari jina la dawa uliyomeza na lini, kwa sababu hilo ndilo litakalomfanya afikirie C. diff. Maswali hayo hayalipiwi hata shilingi. Kurudishiwa ulichokipoteza kwa kutoyauliza, kama tulivyoona, kulitangazwa kwa dola elfu kumi na saba na mia tano.